Ali na Tyson, nani angemlaza mwenzake? Kwa nini ubishi wa ngumi za enzi tofauti hauishi

George Foreman, bingwa wa zamani wa ngumi za uzito wa juu, alipofariki Machi 21, 2025, akiwa na miaka 76, kwa kinyozi wangu Temeke hapakuwa na habari nyingine. Simu ilipita mkono kwa mkono ikionyesha lile pambano la Kinshasa la mwaka 1974, alipopigwa na Muhammad Ali, na kabla Foreman hajaanguka kwenye kioo ubishi ulikuwa umeshahamia kwingine. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri zamu yake alisema Tyson angewalaza wote wawili, Ali na Foreman, usiku mmoja. Mzee aliyekuwa kwenye kiti, povu bado shavuni, akageuka. "Dogo, Ali wewe ulimwona wapi?" Kijana akajibu, "Hapa hapa kwenye simu, mzee wangu." Wakaendelea hivyo hadi kinyozi akamsihi mzee atulie, wembe usije ukamkata.

Ubishi huu naupenda, na naamini unastahili kubishwa vizuri. Shida ni kwamba wengi wanaobishana hawapingani kabisa. Kila mmoja anajibu swali lake, na maswali yenyewe hayafanani.

Tuanze na maneno. Uzito wa juu ni daraja la mwisho katika ngumi za kulipwa. Madaraja mengine yote yana kikomo: ukizidi, unapanda. Hili halina. Ukishapita kikomo cha daraja la chini yake, liitwalo kruza, ambacho leo ni ratili 200, yaani kama kilo 90 na nusu, uko uzito wa juu, iwe una kilo 92 au 125. Bingwa ni mwenye mkanda, na siku hizi mikanda mikubwa ni minne, ya vyama vinne vya ngumi: WBA, WBC, IBF na WBO. Zamani za kina Joe Louis, miaka ya 1930 na 1940, bingwa alikuwa mmoja tu, na kila mtu duniani alimjua. Neno la tatu ni ubora wa bondia, yaani ile miaka michache ambayo miguu, macho na pumzi vyote vilikuwa vinafanya kazi pamoja. Hapa ndipo watu wanapodanganyana sana. Mike Tyson aliyepanda ulingoni Texas Novemba 2024 kupigana na Jake Paul alikuwa na miaka 58. Jina lilikuwa lile lile, lakini yule aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 mwaka 1988 alishaondoka zamani.

Sasa tulifungue lile swali. Mtu anaposema "Ali angempiga Tyson", anaweza kuwa na maana ya kwanza: mchukue Ali kama alivyokuwa siku yake bora, na mwili wake ule ule na mazoezi yake yale yale, mlete usiku huu apigane. Maana ya pili ni tofauti kabisa: kama wangezaliwa mwaka mmoja, wakala chakula kile kile na kupata makocha wa aina moja, nani angemzidi mwenzake? Ya tatu ni nani alifanya makubwa zaidi katika wakati wake, na hiyo haihitaji hata ngumi moja ya kuwaziwa, kwa sababu historia imeshaandikwa. Ya nne husahaulika, nayo ndiyo inayoweza kugeuza matokeo yote: wangepigana kwa sheria za nani?

Chukua mfano wa mbio. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Saa imeshasema, na kwa maana ya kwanza hakuna ubishi: Kiptum angefika na kunywa maji akimsubiri mwenzake. Lakini mpe Bikila viatu vya leo na maandalizi ya leo, swali linafunguka upya. Na ukiuliza nani aliifungulia Afrika mlango, jibu linageuka tena. Mbio zina saa, ngumi hazina. Michezo hiyo hiyo ya Roma kijana wa miaka 18 kutoka Louisville, Marekani, Cassius Clay, ambaye baadaye alijiita Muhammad Ali, alichukua dhahabu ya ngumi za ridhaa, na hakuna kifaa cha kutuambia alikuwa na kasi kiasi gani ukimlinganisha na Oleksandr Usyk, bondia wa Ukraine wa zama zetu. Tunalo jicho na rekodi, na vyote viwili vinahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Nianze na sheria, kwa sababu huko ndiko kuna mambo ambayo watu hawayajui kabisa.

Pambano la ubingwa leo ni raundi 12. Kwa miaka mingi lilikuwa raundi 15, na huko nyuma zaidi lilikuwa hata refu kuliko hapo: Jack Johnson, Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu, alipoteza taji Havana mwaka 1915 katika raundi ya 26 ya pambano lililopangwa raundi 45. Zile 15 zilipungua baada ya kifo cha bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, aliyeumia katika pambano la Las Vegas Novemba 1982. WBC ikapunguza raundi hadi 12, na wengine wakafuata kabla ya muongo ule kwisha.

Raundi tatu unaweza kuziona ni kidogo. Sasa tazama. Septemba 1952 Rocky Marciano alipigania taji dhidi ya Jersey Joe Walcott mjini Philadelphia. Hadi raundi ya 12 inaisha, Walcott alikuwa anaongoza kwenye kadi za majaji wote watatu. Katika raundi ya 13 Marciano akaachia mkono mfupi wa kulia na Walcott akabaki ananing'inia kwenye kamba kama nguo iliyoanikwa. Marciano alistaafu na mapambano 49 bila kupoteza hata moja, na hiyo 49 kwa sifuri ndiyo silaha ya kila anayemtetea. Kwa sheria za leo angepoteza usiku ule kwa pointi. Joe Louis naye, mwaka 1941, alikuwa nyuma ya Billy Conn pambano lilipoingia raundi ya 13, ndipo akamwangusha. Louis alitetea taji mara 25, na katika raundi 12 hesabu hiyo ingekatika katikati. Sisemi walibahatika. Walijua wana raundi 15 na walipigana kwa hesabu hiyo, kama mtu anayejua safari ni ya Mwanza, haendeshi kama anayeishia Morogoro. Ukiwaleta kwenye raundi 12 bila kuwaambia mapema umewaonea, na ukimpeleka bondia wa leo kwenye raundi ya 15 umemwonea yeye.

Kuna jambo lingine dogo lenye uzito. Julai 4, 1919, Jack Dempsey mwenye kilo 85 alimwangusha Jess Willard, jitu la kilo 111, mara saba katika raundi ya kwanza. Picha zake zinatisha. Lakini angalia Dempsey anasimama wapi: juu ya kichwa cha Willard, anasubiri magoti yanyanyuke tu, aachie tena. Leo ukimwangusha mtu unapelekwa kona ya mbali na refa anahesabu. Ni mchezo mwingine kabisa.

Tuje kwenye ukubwa, hoja kuu ya vijana. Wanasema mabondia wa sasa ni majitu, wa zamani wangevunjwa. Ni kweli kwamba wamekua. Marciano alipigana akiwa na kilo 84 hivi, kwa hiyo leo angekuwa kruza, wala asingehitaji kupunguza mwili kuingia huko. Louis alikuwa na kilo 90 hivi. Mwingereza Tyson Fury ana urefu wa mita 2.06 na alipima kilo 119 alipokutana na Usyk Riyadh Mei 2024. Ila Usyk mwenyewe alitokea daraja hilo hilo la kruza, usiku ule alikuwa na kilo 101, na alishinda. Desemba Fury akaja na kilo nyingi zaidi, akapigwa tena. Louis naye mwaka 1935 alimmaliza Primo Carnera, jitu la zaidi ya kilo 115, katika raundi ya sita.

Hapo wazee hushangilia, lakini wasiende mbali. Carnera alikuwa mkubwa asiyejua sana kazi. Tofauti ya enzi yetu ni mkubwa anayeijua. Lennox Lewis na Wladimir Klitschko walikuwa na urefu unaokaribia mita 2, kilo zaidi ya 105, na jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, iliyonyooka kama mwiko. Mimi simwoni Marciano, mwenye mikono mifupi kuliko karibu kila bingwa, akipita kwenye jebu ya Lewis raundi baada ya raundi na uso ukabaki salama. Alikuwa anachanika kirahisi hata enzi yake. Kwa maana ile ya kwanza, Lewis anashinda. Kwa maana ya tatu Marciano anabaki pale pale alipo, na hakuna anayemnyang'anya.

Mtego unaonasa watu wengi kuliko wote ni hesabu ya mnyororo: A kampiga B, B kampiga C, kwa hiyo A anampiga C. Ukitaka kuona unavyokatika, huna haja ya kuvuka enzi. Kaa miaka ya 1970 tu.

Januari 1973, Kingston, Jamaica. Joe Frazier ni bingwa, hajapoteza pambano, na ndiye aliyemwangusha Ali na kumshinda New York mwaka 1971. Foreman anamwangusha mara sita katika raundi mbili. Machi mwaka huo huo Ken Norton anamvunja Ali taya na kumshinda. Machi 1974 Foreman anammaliza Norton, naye kwa raundi mbili. Kwa mnyororo, kazi imekwisha: watu wawili waliompiga Ali wamefagiliwa na mtu mmoja kama majani makavu. Foreman alifika Kinshasa na mapambano 40, hajapoteza, 37 kati yake kwa KO, yaani kwa kumlaza mpinzani. Oktoba 30, 1974 Ali akamlaza raundi ya nane.

Niliyarudia mapambano hayo wiki ile ya msiba, bila sauti, nikiangalia mikono tu. Frazier alikuwa anakuja mbele ameinama, kichwa kinapanda na kushuka, na ngumi ya Foreman ilitoka chini kwenda juu, kwa hiyo Frazier alikuwa anaifuata mwenyewe. Norton alipobanwa alirudi nyuma kwa mstari mmoja, na kurudi hivyo mbele ya Foreman ni kujipanga mbele ya lori. Ali hakufanya hata moja kati ya hayo. Aliegemea kamba akazizuia zile ngumi za kuzungusha kwa viwiko na mikono, akawa anamshika Foreman shingo na kumvuta chini, na kila Foreman alipopumua, Ali alimtandika mkono wa kulia ulionyooka, ambao hufika haraka kuliko ule wa kuzungusha. Kufikia raundi ya sita mikono ya Foreman ilikuwa inarushwa kama ya mtu anayetwanga usiku wa manane. Na jebu ya Ali iliyowashinda wengi, kwa Norton haikufanya kazi, kwa sababu Norton aliikinga na kuijibu palepale. Walikutana mara tatu na zote tatu zilikuwa za kubanana.

Mashabiki wa Simba na Yanga wanalijua hili bila kufundishwa. Kuna timu ya mkiani inayokuja kukukaba sare kila msimu, na wiki inayofuata inafungwa tano na timu ambayo wewe uliifunga. Ndivyo ilivyo kwa mabondia: mtindo wa mtu unamfaa huyu na unamponza kwa yule. Kama Ali, Frazier, Foreman na Norton, waliopigana wenyewe kwa wenyewe ndani ya miaka michache, hawapangiki kwenye ngazi moja, basi orodha za mabondia kumi bora wa karne zinazosambazwa kwenye simu zetu zimepangwa kwa mapenzi ya mpangaji.

Kuna waliojaribu kompyuta. Mtangazaji wa Miami, Murray Woroner, alianza mwaka 1967 kwa mashindano ya redio, mashine ikapewa takwimu za mabingwa wa kale na wa wakati ule. Ali akatolewa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne, na Ali akafungua kesi. Wakapatana, na mwaka 1969 Ali na Marciano, aliyekuwa amestaafu miaka 13, wakaingia studio Miami kuigiza pambano lao mbele ya kamera. Marciano alipunguza zaidi ya kilo 20 na kuvaa nywele za bandia. Walirekodi raundi fupi za dakika moja, makumi kadhaa, na miisho ya namna mbalimbali, bila kujua upi utatumika. Marciano hakuwahi kuuona: alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 31, 1969. Januari 1970 Marekani ikaonyeshwa Ali akianguka raundi ya 13. Ulaya ukaonyeshwa mwisho mwingine, Ali mshindi. Kompyuta haikosei kujumlisha, lakini mtu ndiye aliyeamua kidevu cha Marciano kipewe alama ngapi na miguu ya Ali ipewe ngapi, na ndiyo sababu sizipi uzito hata zile za kisasa.

Ushahidi ulio bora kidogo ni wa watu waliovuka enzi kwa miguu yao. Wengi huanza na Trevor Berbick: alimshinda Ali Desemba 1981, na Tyson akamlaza kwa raundi mbili mwaka 1986. Lakini Ali yule alibakiza mwezi mmoja kutimiza 40, mikono mizito, ulimi mzito. Hiyo haitufundishi kitu. Mtu wa kumtazama ni Foreman mwenyewe. Alirudi ulingoni mzee, mnene, kichwa kimenyolewa, na mwaka 1991 akiwa na miaka 42 akamaliza raundi zote 12 na Evander Holyfield, bingwa wa wakati ule. Novemba 1994, akiwa na 45, alimlaza Michael Moorer, bingwa ambaye hajawahi kushindwa, na kuchukua taji aliloliacha Kinshasa miaka 20 kabla. Larry Holmes naye alimshinda Ray Mercer mwaka 1992 akiwa na 42. Hawa walikuwa mabaki ya wenyewe, na bado waliwasumbua vijana wa miaka ya 1990. Sioni mtu anaweza kuyatazama hayo kisha akasema mabondia wa miaka ya 1970 walikuwa wa kitoto.

Kuhusu rekodi safi, niseme haraka: uliza kwanza nani hakupewa nafasi. Dempsey alikaa na taji tangu 1919 hadi 1926 bila kupigana na Harry Wills, Mweusi aliyekuwa anasubiri nyuma yake. Sam Langford, Mweusi mwingine, hakupata kupigania taji la uzito wa juu la dunia maisha yake yote. Bingwa wa zama za ubaguzi ni bingwa wa wale walioruhusiwa kuingia.

Na video zinadanganya kwa pande mbili. Picha za miaka ya 1910 zilipigwa kwa kamera za kuzungusha kwa mkono, kwa hiyo mabondia wanaonekana wanarukaruka kama vikaragosi, tukadhani hawakujua kitu. Za Tyson tunaziona vipande vya sekunde 30, KO baada ya KO. Hakuna anayekutumia raundi 12 za mwaka 1987 ambazo Bonecrusher Smith alimkumbatia Tyson usiku mzima, Tyson akashinda kwa pointi huku watu wanazomea. Wazee nao wana kioo chao. Ali kwao alikuwa zaidi ya bondia. Februari 1980 alitua Dar es Salaam akiwa ametumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu hakukubali kuonana naye, Tanzania ikaenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Hata walioona alikosea safari ile hawakuacha kumpenda. Mapenzi hayo ni haki yake, ila hayazuii ngumi ya Tyson.

Sasa nilipe deni langu kwa yule kijana wa bodaboda. Nachukua maana ya kwanza, kila mmoja siku yake bora. Tyson wa Juni 1988, kilo 99, na kocha wake Kevin Rooney bado yuko kona. Ali wa Novemba 1966, yule aliyemcheza Cleveland Williams Houston, kabla ya kunyang'anywa taji na kupoteza miaka mitatu na nusu ya ujana wake. Kijana ana hoja moja nzito kuliko anavyojua: watatu kati ya walioweza kumwangusha Ali, Sonny Banks, Henry Cooper na Frazier, walitumia mkono wa kushoto wa kuzungusha, kwa sababu Ali alizoea kuvuta kichwa nyuma mikono ikiwa chini. Huo ndio mkono bora wa Tyson. Raundi nne za kwanza nisingekaa kwenye kiti.

Lakini Tyson alihitaji kufika karibu, na Ali wa 1966 alikuwa mrefu kwa sentimita 13, miguu haisimami, na akifikiwa anakamata shingo. Buster Douglas alipompiga Tyson Tokyo mwaka 1990 alitumia hayo hayo, jebu, kukumbatia na kutoogopa, kwa miguu isiyofika nusu ya ile ya Ali. Tyson hakuwa amezoea kupigana na mtu ambaye bado yupo raundi ya saba. Nampa Ali, raundi ya 11, refa anasimamisha.

Ukinibadilishia Ali, ukaniletea wa 1974 wa Kinshasa, aliyepunguza miguu akabaki na moyo na kidevu, nabadilisha jibu. Foreman alirusha ngumi za mbali ambazo unaziona zinakuja. Tyson anatokea chini ya kiwiko, na kwenye kamba zile Ali angekuwa amejiegemeza mahali ambapo Tyson anapataka hasa.

Nilimwambia kijana hivyo wiki iliyofuata. Alifikiri kidogo, akawasha pikipiki, akauliza, "Sawa kaka, na Usyk kwa Holyfield?"